Alama Nyekundu ya Chini

Saa kumi na mbili kasoro, jua likianza kulegea, Fremu alijitwika stendi ya kamera begani akaenda kupanga shoti katika nyumba aliyofia mdogo wake.

Hakwenda kwa kupenda. Alikwenda amefura. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, mpaka mwenye duka la pembeni akamuuliza anagombana na nani. "Na shemeji yangu," akajibu bila kusimama. "Hayupo hapa, lakini anasikia."

Jina la Fremu alipewa utotoni, kwa tabia yake ya kutazama kila kitu kupitia vidole vinne alivyovikutanisha. Ukubwani ikawa ndiyo kazi yake, kutengeneza video za nyimbo za wasanii wadogo wasio na kampuni nyuma yao. Mmoja wao alikuwa huyo shemeji, mume wa mdogo wake. Mdogo mtu nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao.

Kitinda alikuwa na pumu. Miezi mitatu nyuma, Jumapili alasiri, kifua kilimbana na pampu yake ya bluu haikuonekana. Alikufa kitandani. Msibani mume akawaambia waombolezaji kwa sauti ya kilio kwamba pampu ilikuwa juu ya meza ya kioo, ile ya kujirembea, kwamba mama mkwe alifika saa sita, akaingia chumbani kumsalimia mwanawe, akaondoka, na pampu ikayeyuka. "Kitu cha kushikika," alisema, "kitayeyukaje bila mkono wa mtu?"

Basi. Maneno yakatoka nje ya geti na hayakurudi tena. Mama yao, mwanamke aliyekuwa anaogopa hata kumchinja kuku, akawa mchawi. Akikaa kwenye benchi, watu wanahama. Wiki iliyopita dirisha lake lilivunjwa kwa jiwe, naye akaziba tundu kwa ubao wa boksi, akafagia vioo mwenyewe, wala hakumwambia mtu.

Na sasa shemeji alikuwa ametunga wimbo. Akaandika na orodha ya shoti kwa mkono wake. Fremu alikuwa nayo mfukoni, na kila akiikumbuka shoti ya tisa damu ilimchemka.

*Shoti ya 9: Ajuza amesimama mlangoni, anatabasamu. Kilemba cha kijani. Achechemee mguu wa kushoto.*

Mama yao alifunga kilemba cha kijani. Mama yao alichechemea mguu wa kushoto.

"Ukishuti wewe, dada wa marehemu, nani atabisha?" shemeji alimwambia, tena kwa upole, kama anayemfanyia hisani. Fremu alitaka kumzaba kibao. Badala yake alisema sawa. Angekataa, angetafutwa mtu mwingine, na huyo mwingine angekifuata kilemba na mguu neno kwa neno. Kazi ikiwa mikononi mwake, angeweka taa nyuma ya mlango, ajuza abaki kivuli kitupu kisicho na rangi, kisicho na mguu, kisicho mama wa mtu yeyote. Ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

Shemeji alimpokea barazani. Alikuwa amekonda. Kupitia mlango Fremu aliona godoro limetandikwa sebuleni, chini.

"Hulali chumbani?"

"Ingia tu, dada. Mimi nakusubiri hapa hapa."

Chumbani kitanda kilibaki chaga tupu. Meza ya kioo ilikuwa imesukumwa ukutani palepale pake, hatua nne kutoka kitandani. Dirisha lilileta mwanga wa manjano, mzuri, na Fremu alijikuta anauchukia kwa kuwa mzuri.

Alifungua stendi, akabana simu juu yake. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Kabla ya siku ya kushuti, hupiga picha moja ya majaribio kwa kila shoti, akaandika daftarini kimo cha lenzi na upande wa mwanga. Zamani walikuwa wawili. Kitinda ndiye aliyesimama mahali pa mwimbaji ili mwanga upimwe, akichekesha, akikunja uso kama shemeji anavyokunja akifika kwenye noti ya juu. Na ndiye aliyepaka alama za rangi ya kucha kwenye mlingoti wa stendi. Nyeupe ilikuwa kimo cha uso wa mtu aliyesimama. Bluu, aliyekaa.

Fremu aliiweka simu kwenye nyeupe, akaielekeza mlangoni. Shoti ya tisa. Akainama kuandika.

Alipoinua macho, mlango kwenye kioo cha simu ulikuwa umepanda juu. Kitasa, kilichokuwa chini ya fremu, sasa kilikuwa katikati.

Stendi ilikuwa imeshuka.

"Skrubu mbovu," alisema, akaikaza. Akarudisha kwenye nyeupe. Akainama tena.

Kriii...

Safari hii ilikuwa kwenye bluu. Alimtukana aliyetengeneza skrubu ile na waliomzaa. Akaikaza mpaka kidole kikamuuma, kisha akaushika mlingoti kwa ngumi nzima aone utashukaje.

Ukashuka.

Ulipita ndani ya ngumi yake polepole, bila nguvu, kama mtu anavyokuvuta mkono kwa adabu ili umsikilize. Ukapita bluu. Ukaenda chini, chini zaidi... ukasimama. Na pale uliposimama palikuwa na alama ambayo Fremu hakuwahi kuiona.

Nyekundu.

Kitinda hakuwahi kupaka nyekundu kwenye stendi. Nyekundu ilikuwa ya kucha zake mwenyewe.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, ile dawa ya Kitinda ya kuchua kifua, yenye mnanaa mkali unaopanda mpaka machoni. Chumba kilikuwa kimefagiwa na kufungwa miezi mitatu. Na chini ya harufu, sauti. Mluzi mwembamba, wa mtu anayevuta hewa kupitia tundu la sindano.

Fiii... hhh... Fiii...

"Kitinda?" alinong'ona.

Kichwa cha stendi kiligeuka. Kidogo tu. Kikauacha mlango, kikaitazama meza ya kioo.

Fremu alipiga magoti nyuma ya simu. Kwa kimo kile, kimo cha mtu aliyelaza kichwa kitandani, meza ilionekana kwa chini. Chini ya ubao wake, nyuma ya droo, palikuwa na selotepu nyeusi iliyobandikwa msalaba. Katikati ya msalaba palikuwa na kitu cha bluu.

Alikwenda kwa magoti akaibandua. Ilikuwa pampu. Na ile selotepu ilikuwa yake mwenyewe, ya kazini, yenye mwandiko wake wa wino mweupe: SIMAMA HAPA. Ni kipande alichokibandika sakafuni kwenye video ya mwisho, kumwonyesha shemeji mahali pa kuimbia.

Alitaka kuwa na hakika. Alijilaza juu ya chaga, kichwa upande wa mto, akatazama. Msalaba mweusi ulikuwa mbele ya macho yake, wazi kabisa. Aliyesimama hangeuona hata akikaa mwaka mzima chumbani humo. Aliyelala aliuona.

Yaani Kitinda aliiona pampu yake. Aliitazama mpaka mwisho, hatua nne kutoka mkononi mwake.

Fremu hakulia. Hasira iliyomjia haikuwa na nafasi ya machozi. Aliondoka kitandani, akaigeuza simu ielekee kitanda na mlango, akaibonyeza ianze kurekodi, akaificha pampu mgongoni.

"Shemeji! Njoo mara moja tupange shoti."

Alikuja akisitasita, akasimama kizingitini.

"Kaa kitandani. Upande wake."

"Lazima?"

"Mwanga uko hapo."

Alikaa. Mara akanusa, na rangi ikamtoka usoni. Fiii... hhh...

"Nani anapumua?" alinong'ona.

Shemeji akashika kifua. Mtu ambaye hakuwahi kuugua pumu hata siku moja, mwenye pumzi ya kushikilia noti mpaka wasikilizaji wapige makofi, akafungua kinywa na hewa ikakataa kuingia. Akaanguka chali juu ya chaga. Visigino vikawa vinapiga mbao. Tap. Tap. Tap.

Fremu aliitoa pampu nyuma ya mgongo.

"Unaitafuta hii? Si iliyeyuka?"

Macho yalimtoka. Akanyoosha mkono.

Naye Fremu, kama alivyokumbuka baadaye, alisimama kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, si zaidi. Kisha akamwona mama yake. Akaliona dirisha la boksi. Huyu akifia humu, juu ya kitanda hiki, akiwa na binti wa mchawi peke yao, nani atahitaji wimbo? Kesho hawatakuja na jiwe moja.

"Kitinda, mwache," aliuambia mwanga uliokuwa unazimika. "Kwa ajili ya mama. Mwache!"

Akainama, akampulizia pampu mdomoni mara mbili.

Mluzi ulikatika.

Shemeji alivuta hewa kwa mkwaruzo, akajikunja, na maneno yakamtoka bila kuulizwa. "Nilikuwa naificha kila tukigombana. Aniombe tu! Aniombe msamaha nimpe. Kila siku alikuwa anaomba... Siku ile nikatoka, nikakaa barazani. Nikasema leo aombe kwa sauti, niisikie huko nje. Nilikuwa na hasira, dada. Hakuomba. Nami sikujua kama anaiona... Baada ya hapo niliogopa hata kuigusa."

"Na mama yangu?"

"Watu walikuwa wanauliza. Ikabidi apatikane mtu."

Ikabidi apatikane mtu! Fremu alichukua simu na stendi akatoka. Daftari aliliacha huko huko, na shemeji akimwita hakugeuka.

Nyumbani aliketi kuhariri kabla hata ya kunawa. Mpango ulikuwa rahisi. Angeanzia kwenye ungamo, asubuhi amwonyeshe mama, na kufika mchana kila aliyehama benchi awe ameliona. Akafungua klipu.

Shemeji anaingia. Anakaa. Anaanguka. Pembeni mwa fremu anaonekana Fremu, ameishika pampu. Shemeji ananyoosha mkono.

Fremu wa kwenye klipu anarudi nyuma hatua moja.

Yeye hakukumbuka kurudi nyuma.

Alitazama saa ya klipu. Sekunde tano zikapita. Kumi. Dakika. Visigino vinapiga mbao, na Fremu amesimama wima, ametulia, midomo inacheza. Aliongeza sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, tena ya upole.

"Omba. Niombe kwanza. Omba."

Dakika tatu na nusu.

Kisha simu, iliyokuwa imekazwa kwenye alama nyekundu, ikaanza kupanda. Polepole, kwa kutikisika, kama mgonjwa anayeinuka kitandani kwa mara ya kwanza. Ikapita bluu, ikafika kimo cha mtu aliyesimama. Ikamwacha shemeji. Ikamgeukia Fremu, ikamtazama usoni, karibu, mpaka akashtuka na kulitamka jina la Kitinda. Ungamo lote lilisikika hivyo, sauti ya shemeji juu ya uso wa Fremu.

Alizikata zile dakika tatu na nusu. Akahifadhi. Akafungua, zipo. Akakata tena, akafuta faili la kwanza, akazima kila kitu na kuwasha. Zipo.

Alikula kiapo, akatukana, akapiga meza. Zipo.

Asubuhi alikwenda kwa mama. Alimkuta amekaa chini ya lile dirisha la boksi, kilemba cha kijani kichwani. Fremu alimwekea pampu kiganjani kama ushahidi, akamweleza ilipokuwa, akamwashia klipu. Mama alitazama. Ungamo lilipofika, kidole gumba chake kikawa kinaisugua ile pampu, taratibu, kama anavyosugua mgongo wa mtoto. Machozi hayakumtoka.

"Umesafishika, mama," Fremu alisema. "Wataona wote."

"Wataona yote?"

"Haikatiki. Nimejaribu."

Mama alinyoosha kidole, akairudisha klipu nyuma, pale visigino vinapoanza kupiga mbao. Akatazama dakika zote tatu na nusu kwa mara ya pili. Kisha akainua macho.

"Hapa ulikuwa unasubiri nini, mwanangu?"

Fremu alifungua kinywa ajibu. Harufu ya mnanaa ilikuwa imejaa chumbani, na alipovuta hewa ili aseme, haikuingia.

Fiii...

Akanyoosha mkono. Pampu ilikuwa kiganjani mwa mama, na mama alikuwa anasubiri jibu.