Baiskeli Mbili Nyuma ya Tela

"Simamisha gari, Fundi! Simamisha, utaniua hata hujanioa!"

Nikapunguza mwendo taratibu. Nyuma yetu tela letu dogo la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, lilikuwa likitikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Likayumba mara ya mwisho, likatulia kando ya barabara.

Mwalimu akashuka. Ni jirani yangu, mwalimu wa chekechea, mjane, mimi mgane. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwa kaka yake mkubwa nikatoe posa, kisha tukatembee nchi na baiskeli zetu mbili, nilizozining'iniza nyuma kabisa ya tela.

"Fungua hizo kamba."

"Za nini?"

"Nipe baiskeli yangu. Narudi nyumbani."

"Njia yote hii, kwa miguu hiyo?"

"Miguu hii hii iliyokufanya uje kuomba chumvi kila jioni, na chumvi kwako imejaa kopo!"

"Ni upepo tu, mpenzi. Tela nimelichomelea mwenyewe."

"Asubuhi nilikuambia baiskeli zimekaa nyuma mno. Ukanijibu nini?"

Nikainama kukagua gurudumu la tela.

"Ulisema, 'Mwalimu, wewe shughulika na chai.' Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alikuwa haambiliki. Niliishi mle ndani kama redio isiyo na betri. Siolewi tena na mtu asiyeambilika. Bora nizeeke na paka wangu."

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa binti yake, akausoma kwa sauti: "Mama, mjomba anauliza mmefika wapi. Amevaa suti tangu alfajiri."

"Haya, nimjibu nini?" akaniuliza. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Kiburi kilinikaba kooni kama mwiba wa samaki. Kukimeza, maumivu; kukitema, aibu. Nikakitema.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Uzito ukizidi nyuma, tela huyumba. Fundi yeyote anajua. Lakini ile chanja ya kubebea baiskeli niliikunjia maua ya chuma, moja moja, kwa ajili yako. Nilitaka tukiingia uani, kaka yako aione. Aseme dada yake amepata mwanamume."

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kaka yangu? Yule anayetafuta miwani huku ameivaa?"

"Nimekosa, mama. Ulisema kweli, nikajifanya kiziwi. Sema tufanye nini, nami nitafanya."

"Unasema kwa moyo, au unanionea huruma?"

"Kwa moyo. Na nakuogopa kidogo."

"Baiskeli zipande juu ya gari."

Tukazinyanyua pamoja, tukazilaza juu ya gari, nikazifunga.

"Kamba ya upande wangu imelegea," akasema.

Mdomo ulitaka kubisha. Nikaufumba, nikazunguka kuitazama. Kweli, ilikuwa imelegea. Nikaikaza.

Tulipoondoka, tela lilitufuata kwa adabu, kimya. Mwalimu akachukua simu, akaandika huku akijisomea:

"Mwambie mjomba asivue suti. Huyu anaambilika."

"Ongeza kwamba ni fundi hodari," nikamwambia.

"Endesha gari, mume wangu."

Nikaendesha.