Viua vya Kaburini kwa Mama

Kila Jumamosi asubuhi, Kidoti na bibi yake walikwenda makaburini kupalilia kaburi la mama yake Kidoti. Hapo paliota viua vidogo vyeupe, vyenye kitovu cha njano, ambavyo hujifumba jua likizama. Mama ndiye aliyeving'oa kando ya njia akavipanda nyuma ya jiko. Alipofariki, bibi alihamishia shina moja kaburini. Kwa kuwa majani yake hulala chini katikati ya magugu, walipalilia kwa vidole tu.

Jumamosi moja goti la bibi likagoma. "Nenda peke yako leo, mjukuu wangu. Usiwe na haraka."

Lakini wenzake walikuwa wakimsubiri waruke kamba. Kidoti akachukua jembe lililoegemezwa kibandani kwa mlinzi wa makaburi, akaparua chapuchapu. Alipoinua macho, kaburi lilikuwa tupu kama sakafu.

Wiki iliyofuata bibi alisimama pale, mkongojo mkononi. "Nani kafanya haya?"

Kidoti alitazama kibandani. "Mlinzi," akasema. "Nilimwona na jembe."

Bibi alifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Basi wakubwa wake watanisikia leo hii. Mtu wa namna hii hafai kulinda wafu wa watu."

Mlinzi, mzee mwenye mvi, aliwaona wakipita kibandani kwake akatabasamu. "Karibu, dada. Goti linasemaje? Na wewe fundi wa kamba, mbona umenuna kama umenyimwa chai?"

Kabla bibi hajafungua kinywa, Kidoti alimshika mkono. "Bibi, ni mimi. Nilitaka kuwahi kucheza. Babu hana kosa."

Mlinzi alikwenda kaburini, akachuchumaa, akafukua kwa vidole. "Mizizi mizima hii," akasema. "Inataka maji tu."

Bibi alimwomba mlinzi radhi. Tangu siku hiyo, Kidoti alibeba ndoo kila akitoka shule. Wiki ya nne, majani mawili yakachungulia.

Bibi aliyatazama. "Ua limerudi kwa sababu mizizi ilibaki," alisema taratibu. "Babu yule angefukuzwa kazi kwa neno lako moja, nani angemrudisha? Kosa la jembe nilikusamehe palepale. La ulimi ndilo lililoninyima usingizi. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwingine hajaumia."

Kidoti aliinama, akaanza kung'oa magugu, moja moja, kwa vidole.