Diski Iliyobisha Hodi

Jua lilikuwa limeanza kuteremka nilipompelekea shemeji, kwenye chumba chake cha ufundi, kasha la kompyuta yetu, nimelibeba kichwani, mwanangu mgongoni. Fundi viatu wa pembeni aliniona nikihangaika mlangoni. Akaacha sindano yake, akaja kunitua mzigo bila kuombwa. Wapo watu wa namna hiyo, Mungu awazidishie.

Shemeji alikaa tu, akiangalia.

"Imekuwa nzito kuwaka," nikamwambia. "Na picha za mtoto hazina pa kukaa tena."

"Nzito!" Akabana pua kuiga sauti yangu. "Kompyuta si mimba, iwe nzito. Diski imechoka. Ila nyie wa darasa la saba mkipewa mashine mnaijaza picha za makamasi."

Ndugu wa damu wa mume wangu, huyo. Dharau ilimtoka kama jasho. Wateja aliwaita wajinga wakiwa bado mlangoni. Chai nikimletea aliipokea bila kuinua macho, na neno ahsante sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nami nilimdharau vilevile, kimyakimya, kama unavyomdharau jogoo anayewika juu ya jaa.

Alikuwa amefungua kasha, bisibisi mdomoni, anaweka diski mpya ya kisasa, ile nyembamba isiyo na kitu kinachozunguka ndani, alipoingia mama mmoja wa makamo. Alimshika mwanangu kidole cha mguu, akamwambia, "Mungu akukuze." Kisha akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

Diski. Ya zamani, nene, ya chuma.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," akasema. "Nakuomba uivunje, baba. Mimi mkono unaniishia nguvu."

"Iache hapo. Nitaivunja."

Mama akamsogelea. Akanong'ona.

"Ikibisha... usiitikie."

Alipotoka tu, shemeji alicheka hadi bisibisi likamdondoka.

"Umemsikia? Wachawi wamehamia kwenye diski! Hii nzima kabisa. Nakufungia humu, iwe ghala la makamasi yako."

"Mama wa watu ameomba ivunjwe, shemeji."

"Mama wa watu hajui hata inavyofanya kazi. Kama wewe."

Akaikaza kwa skrubu, akachomeka nyaya, akawasha.

Feni zikavuma. Diski mpya iliamka papo hapo, kioo kikang'aa. Ile ya marehemu haikuonekana popote kwenye kioo.

Ko. Ko. Ko.

Kimya.

Ko. Ko. Ko.

"Kichwa cha kusomea kinagonga," akasema. "Umeme hauitoshi." Akabadili waya wa umeme. Akahamishia ule wa data kwenye tundu jingine. Haikusaidia. Iligonga taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayejua kuwa ndani kuna watu.

"Upuuzi." Akachomoa plagi ukutani.

Feni zikasimama. Kioo kikafa.

Ko. Ko. Ko.

Harufu ikajaa chumbani... udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mwanangu akazika uso mgongoni pangu.

"Shemeji, tuitoe. Tafadhali."

"Unaogopa chuma? Mtu mzima na mtoto mgongoni, unaogopa chuma?" Akainama, akasogeza mdomo kwenye kasha, akapaza sauti ya kejeli. "Karibu, mgeni! Pita ndani! Usione haya!"

Kugonga kukakoma.

Shemeji hakuinuka. Nikamwita. Nikamwita tena. Kisha akajinyoosha polepole, akazungusha mabega, akakunja na kukunjua vidole, kama mtu anayejaribu nguo ya kuazima. Akanitazama. Akatabasamu.

"Ahsante," akasema.



Akakiosha kikombe chake cha chai. Akafuta meza. Akasema mtoto amechoka, atanibebea kasha mpaka nyumbani. Njiani alimsalimia kila tuliyekutana naye, na kuwapisha hata mbwa. Fundi viatu akaninong'oneza, "Shemeji yako leo kapatwa na nini?" Nikaharakisha hatua.

Mimi wema wa mtu hata ukiwa mdogo nauona.  Lakini ule ulinukia utamu uliopitiliza, kama tunda lililoanza kuoza. Kile kitu hakikuwa chema. Kiliiga wema, tena kiliiga vibaya, kama kasuku.

Nilipofika niliwahi kuingia. Chenyewe kikabaki nje ya kizingiti. Shemeji ninayemjua mimi angepita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria zangu.

Ko. Ko. Ko. Kwenye fremu ya mlango.

"Hodi, shemeji."

Nikamkumbuka yule mama. Nikaubana mdomo.

"Hodi... Nina mzigo wako."

Nilimkumbatia mwanangu, sikuitikia. Kilisimama pale mpaka giza likashika, kasha kifuani, bila kuchoka, bila kukasirika. Mwisho kikalitua kizingitini kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto, kikaondoka.

Sasa kinakuja kila jioni. Majirani wananisema. "Shemeji yako amekuwa mtu, jamani! Nawe unamwacha mlangoni, roho gani hiyo?" Mume wangu, anayefanya kazi mbali, amenigombeza kwenye simu. "Mkaribishe. Ni ndugu yangu." Yule mama nimemtafuta mtaa kwa mtaa. Hakuna anayemjua.

Kasha nililiingiza ndani mwenyewe, nikalisukumia chini ya meza. Sijalichomeka umeme hata mara moja.

Jioni hii, chenyewe kikiwa mlangoni na hodi zake laini, chini ya meza nako kukaanza kugongwa.

Si kwa adabu. Ovyo, kwa fujo, kwa hasira, kama mtu ambaye hajawahi kuomba kitu maishani mwake. Nikapiga magoti. Chuma kilikuwa baridi, kinatetemeka. Nikamtambua shemeji. Hakuna mwingine anayegonga kana kwamba aliye upande wa pili ni mjinga.

Kisha kugonga kule kukapungua kasi... kukasita...

Ko. Ko. Ko.

Alikuwa anajifunza kubisha hodi.

Dharau yangu yote iliniishia. Neno moja tu, karibu, nalo lingemfungulia. Lakini mwili wake uko mlangoni, una mwenyewe. Akitoka humo ataingia wapi? Humu ndani tuko mimi na mwanangu tu.

Mlangoni, ko, ko, ko. Chini ya meza, ko, ko, ko.

Nimeweka kiganja kwenye kinywa cha mwanangu. Juzi juzi tu ameanza kusema.