Mbolea ya Mayungiyungi

"Sabuni yako inaniulia samaki!"

"Sabuni yangu? Miaka sita nafua hapa na samaki wako wananenepa. Leo ndiyo imekuwa sumu?"

Mama, fundi cherehani, alikuwa upande huu wa ua na jembe mkononi. Upande wa pili alisimama jirani yake dobi, povu likimchuruzika viwikoni. Kwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba, samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakitweta kama watu waliokimbizwa. Wanne walishageuka matumbo juu kati ya majani ya mayungiyungi.

"Hawa nawalisha miezi saba sasa," mama alisema, sauti ikikatika. "Ndicho kitoweo chetu hiki!" Akaanza kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya kufulia. Ardhi ilikuwa kavu; jembe lilidunda tu.

Binti yake wa miaka kumi na miwili alisimama kando ya bwawa. Mtaani walimwita Chiriku, maana habari haikuwahi kulala kifuani mwake. Leo ulimi ulikuwa mzito.

Jana jioni mama alimpa vifurushi sita vya mbolea ya kuku, vimefungwa kwa gazeti. "Kila kimoja kisokomeze chini kabisa, ndani ya tope la beseni lililopandwa yungiyungi huko chini ya bwawa. Usimwage majini." Lakini kufika chini ni kuloa mpaka begani, na wenzake walikuwa wakimwita kuruka kamba. Alivifungua vyote, akavimwaga majini, akakimbia.

Samaki wa tano alipinduka.

"Mama, acha kuchimba."

"Niache! Wanakufa, huwaoni?"

"Si sabuni. Ni mimi." Maneno yalimtoka pamoja na machozi. "Mbolea niliimwaga yote majini."

Jembe lilianguka. Mama alimtazama mwanawe, kisha akamtazama dobi. Uso ulimshuka.

"Mbolea ikiozea majini inamaliza hewa," alisema. "Wanataka maji mapya, sasa hivi. Na bomba limekauka tangu juzi. Mungu wangu, nitayatoa wapi?"

Dobi alikuwa na mapipa matatu yaliyojaa, maji ya kusuuzia nguo za watu siku nzima. Alisonya, akashika ndoo. "Chiriku, usinitolee macho. Shika ile nyingine!"

Walichota maji machafu ya bwawa wakayamwaga bustanini, wakamimina masafi kutoka juu ili yaingie na hewa. Ndoo baada ya ndoo. Viganja vya Chiriku vilichubuka. Samaki kumi na mmoja walikufa. Adhuhuri ndipo waliobaki walipoanza kurudi chini na kuogelea.

"Jirani, nimekushambulia bure," mama alisema. "Nisamehe."

"Yameisha, dada." Dobi alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, uvivu wa jana umeua baadhi. Kunyamaza kwako leo kumeua wengine. Ukikosea, sema mapema, wakati bado wapo wa kuokoa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, macho kwenye miguu yake yenye matope.

"Na jiko lenu halijawashwa tangu asubuhi, naona. Chakula changu kimeiva." Dobi alitangulia, mama akafuata. Mlangoni dobi aligeuka. Chiriku alikuwa bado amesimama uani.

"Wewe unangoja kadi ya mwaliko? Nawa mikono, ingia tule."