Abiria wa Mbele

Protus, dereva tunayemjua sote hapa Jeddah, huwacheka waganga hadi machozi yanamtoka. Jioni hiyo alimpeleka Valary, mfanyakazi wa nyumbani kwa bosi wake, aliyekuwa haponi maumivu ya kichwa, kwa mama mmoja mganga wa mtaa wa Kandara, hapa hapa mjini. Mama akazima taa, akampunga pepo kwa ubani huku akinguruma. Protus akaona sarakasi tu.

“Mkitoka, mtu asitamke ‘twende’,” mama akaonya. “Nilichomtoa kitadhani kimeitwa.”

“Upuzi mtupu!” Protus akacheka.

Giza lilikuwa limeingia. Valary akaketi kiti cha nyuma cha gari. Protus akabetua midomo, akapaza sauti: “Yalla, twende sote!”

Gari likalia ting, ting: abiria wa mbele hajafunga mkanda. Kiti kilikuwa kitupu. Protus akasonya.

Mkanda ukavutika taratibu, ukajifunga: kach.