Kamba za Nguo Sebuleni

Siku tuliyompoteza baba, sebule yetu ilikuwa imejaa mashati ya watu. Yalining'inia kwenye kamba tatu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Tulimbeba baba tukiinama chini ya mashati hayo, tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Baba alikuwa dobi. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini hakupenda kuitaja. Wiki hiyo msitu ulio juu ya mji ulikuwa unawaka, na moshi ulishuka hadi mtaani kwetu. Nguo za wateja zikaanza kunuka. Baba akaziingiza ndani. Nguo mbichi hazikauki bila hewa, kwa hiyo akafungua madirisha ya nyuma. Kisha akajifunga kitambaa kibichi puani, akashika pasi ya mkaa.

"Pumzika, baba," nilimwambia.

"Mteja hajui moshi, mwanangu. Anajua shati lake tu."

Siku ya nne alishindwa kumaliza sentensi. Midomo yake ilibadilika rangi. Tulidhani ni uchovu, tukampa chai. Tulichelewa.

Mwaka uliofuata msitu uliwaka tena. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama anafunga kamba sebuleni huku akikohoa. Sikubishana naye. Nilikwenda kumwita jirani yetu, muuguzi wa zahanati. Mtaani tunamwita Dada Sindano.

Alipoingia alizitazama kamba.

"Mama Dobi, umefungua duka la mitumba humu?"

"Nafanya kazi ya marehemu. Ukitaka kunicheka, nicheke huku unanisaidia kukunja."

Dada Sindano akashika shuka, akaanza kukunja.

"Na madirisha yako wazi kwa nini?"

"Nguo zitavunda."

"Na mapafu?"

Mama akakohoa.

"Moshi wa msitu una chembe ndogo mno, huzioni," alisema Dada Sindano. "Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu, njia zake za hewa zinabana. Wazee, watoto na wajawazito nao huumia haraka. Hata mtu mzima wa afya hukohoa."

"Mbona marehemu alijifunga kitambaa kibichi?"

"Kitambaa kinazuia majivu. Chembe zile zinapita. Barakoa inayofaa ni ile ya kitaalamu, inayobana pua na kidevu. Nayo si ruhusa ya kushinda nje."

"Na pasi ya mkaa?" niliuliza.

"Hiyo ni kuongeza moshi juu ya moshi. Na ukifunga madirisha huku mkaa unawaka, mkaa huo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua watu wakiwa usingizini."

Mama alikaa juu ya kapu la nguo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampulizia ile pasi," alisema taratibu.

Dada Sindano aliweka shuka chini, akakaa karibu naye.

"Hukujua, dada yangu. Hakuna aliyewaambia. Leo umejua."

Tulifunga madirisha. Tuliziba upenyo wa chini ya mlango kwa matambara mabichi. Mkaa tuliuzima nje. Chumba cha mama tulikifanya cha kukaa wote: humo hakuna moto, wala ubani, wala sigara. Asubuhi mama alipimwa zahanati. Naye alikutwa na pumu, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa," Dada Sindano alimwambia, "au maneno yakikatika, tumia dawa na uende hospitali hapo hapo. Usingoje chai."

Mteja mmoja, mwalimu, alikuja kulalamika.

"Suti yangu je? Nina harusi."

"Ipo, mwalimu. Haitakimbia," mama alimjibu kupitia dirisha lililofungwa. "Na wewe nenda ndani, unakohoa kama gari bovu."

Moshi ulikaa siku tisa. Kikohozi cha mama kilipungua siku ya tatu. Hewa iliposafika, tulifungua madirisha yote, tukapangusa majivu kwa kitambaa chenye maji badala ya kuyafagia.

Msitu bado huwaka karibu kila kiangazi. Moshi ukitanda, hatupokei nguo. Mama hukaa chumbani kwake, anasikiliza redio.