Mashine ya Akina Mama wa Nasivoli

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, Bibi Vasemaca alifika kwenye ukumbi wa kijiji cha Nasivoli akakuta kufuli limekatwa na sakafu tupu. Mashine ya kukamua mafuta ya nazi, ambayo akina mama wa kijiji waliipata kwa ruzuku ya serikali baada ya kuomba miaka minne, haikuwapo. Saa nane mchana afisa wa ruzuku angekuja kuikagua. Asipoikuta, awamu ya pili ya ruzuku ingekwenda kijiji kingine.

Koplo Sainimere Rokodua, polisi pekee wa pale, alianza na mto. Maji yalikuwa yamefunika kivuko tangu jana saa kumi alasiri, na Vasemaca alifunga ukumbi saa kumi na mbili jioni, mashine ikiwa ndani. Kwa hiyo hakuna gari lililoitoa. Ilikuwa bado kijijini. Tena ilikuwa na kilo mia nne. Bila farasi na mkokoteni haibebeki, na wenye farasi walikuwa wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Apenisa, shemeji yake Vasemaca, ambaye kila siku aliwadhihaki akina mama kwa mashine yao. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta, na watu walishaanza kunong'ona. Koplo akainusa: mafuta ya injini ya boti. Akaomba kumwona farasi, akakuta mguu umevimba, hata hatua tatu hazimalizi.

"Niliwacheka, ndiyo," Apenisa akasema. "Kucheka si kuiba."

Wa pili alikuwa Semisi Naqata, mnunuzi wa nazi, aliyezikausha kwa moto na kuziuza kama mbata. Alimkaribisha Koplo chai ya majani ya mlimau, akasema alilala mapema, hakusikia kitu. Uani palikuwa na magunia ya nazi zilizopasuliwa, alizonunua jana asubuhi, nzi wamezijaa. Kuni kavu zilipangwa kando ya tanuri la kukaushia, ambalo halikutoa moshi wala joto. Koplo akaaga, akafika langoni, akageuka.

"Mjomba, nazi iliyopasuliwa isipoonja moto siku ileile, inakuwaje?"

"Inaota ukungu."

"Na tanuri lako limepoa tangu jana. Kuna nini humo usichotaka kiungue?"

Naqata aliweka kikombe chini. Akina mama waliokuwa wamemfuata Koplo wakavuta mlango wa tanuri wenyewe. Mashine ilikuwa ndani, imefunikwa magunia.

"Ningeirudisha afisa akishaondoka," akasema kwa sauti ndogo. "Mkikamua wenyewe, mimi nitanunua nini?"

"Miaka ishirini bei ulipanga wewe, na mizani ilikuwa yako," Vasemaca akamjibu.

Maji yalipungua adhuhuri. Afisa alipoingia ukumbini saa nane, mashine ilikuwa ikinguruma na mafuta ya kwanza yakitiririka, meupe kama maji ya chemchemi. Alitia saini awamu ya pili papo hapo, na akina mama wakaimba mpaka bati zikatetemeka.

Kabla ya kupelekwa kituo cha polisi mjini, Naqata alipiga magoti, akatoa jino la nyangumi kuomba radhi kimila. Vasemaca akalipokea kwa mikono miwili.

"Sisi tumekusamehe, Semisi. Kesi muulize Koplo. Na siku ukirudi ukitaka mafuta, panga foleni kama wengine."